Watoto watatu, mama mkwe na hoteli ya Shangani: mle wapi Mtwara?

Dada mmoja wa Dodoma kaniuliza hivi. Desemba wanashuka Mtwara likizo, watu sita: yeye, mumewe, watoto watatu (mdogo miaka miwili, wa kati sita, mkubwa kumi na moja) na mama mkwe mwenye sukari. Wameshabuku hoteli ya ufukweni Shangani. Likizo iliyopita walilala Dar karibu na ile bustani ya michezo ya maji ya Kunduchi, wakala chipsi na soda siku zote na hela ikaishia hapohapo, sasa anauliza huku nje ya hoteli kuna sehemu za kukaa na watoto mkala vizuri, anazijuaje kama hajawahi kufika, na mfuko utapona?

Dada, mimi nimepika kwenye mahoteli ya huku kusini muda mrefu na siku hizi nafundisha vijana wanaoingia kwenye hiyo kazi, kwahiyo ntakujibu kama mtu wa jikoni, matangazo waachie wenyewe.

Kwanza ile picha ya Kunduchi iweke pembeni kabisa. Bustani ya michezo ya maji inajua wanao hawatoki humo mpaka jioni, na nyingi hawakuruhusu uingie na chakula cha nje, sasa jiko lao linapangwa kwa ajili ya foleni: chipsi, kuku, soseji, vitu vinavyokaa tayari na kutoka ndani ya dakika kumi. Bei juu, ladha hivohivo, ila mtoto anakula kabla hajaanza kulia. Mtwara mambo ni kinyume. Huku bustani ya hivo hamna, kuna bahari na mji mdogo, na migahawa mingi inaanza kupika ukishaagiza wewe. Naposema inaanza namaanisha inaanza kweli, kuna sehemu ukiagiza samaki kijana anapanda boda kwenda Feri, pale boti za samaki zinapoingia, kumfata huyo samaki, nazi inakunwa wewe umeshakaa, mchele ndo unachaguliwa mawe. Chakula kikija ni kitamu, hilo halina ubishi, ila kimekuja baada ya saa moja na nusu na yule wa miaka miwili ameshalia, kalala, kaamka, kamwaga juisi kwenye simu ya baba yake.

Kwahiyo shida yako huku sio menyu, ni saa. Familia nyingi nazoziona zikitoka mgahawani zimenuna chakula chenyewe hakikuwa kibaya, ni walifika saa mbili usiku na njaa zao ndo wakaanza kuuliza kuna nini. Dawa yake ni ndogo na haina gharama: agiza asubuhi. Mkishamaliza chai piteni na bajaji au omba namba ya simu mapokezi, uongee na mpishi au msimamizi mwenyewe (weita aliyekaa nje anaweza akasahau, na zamu yake inaweza kuwa imeisha), mwambie sisi sita, watatu watoto, tunataka samaki wawili wakubwa wa kuchoma, wali nazi, mchicha usiokuwa na pilipili, tunafika saa kumi na mbili kamili jioni, na chakula cha watoto kitangulie. Hapohapo mkubaliane bei. Saa kumi piga tena, kumkumbusha tu. Akidai advansi kidogo mpe, ni haki yake maana anaenda sokoni kwa ajili yako, ila usilipe yote.

Hiyo simu ya asubuhi inakusaidia pia kuwapima. Ukiuliza "leo mna nini?" na mtu akakujibu "kila kitu kipo", hapo kuwa na wasiwasi. Jiko lililo hai linakujibu kwa kutaja vitu: leo tuna changu na ngisi, kuku wa kienyeji mpaka tumuandae mapema, pweza hamna. Kwenye sehemu ndogo menyu ya kurasa nane yenye biriani, piza na pweza wa nazi ni mapambo, na vile vilivyopo kweli vingine vimekaa kwenye friji toka wiki ile. Halafu ujue pweza ana kalenda yake, anapatikana sana kwenye bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakupwa mbali watu wanatembea kwenye miamba kumtafuta. Mtu akikwambia pweza wake ni wa leo na huku maji mafu hayajakauka kitu, muulize tu vizuri kamtoa wapi.

Sasa tuje kwenye samaki wenyewe maana ndo mtakaokula, na hapa mzazi asiyekulia pwani huwa anahangaika bure. Kwa mtoto mdogo usiagize changu wala tasi, utamu wanao ila miiba yao ni midogo na mingi, utakaa unachambua mpaka chako kipoe. Muagizie nguru au jodari wa vipande, au chewa, miiba yao ni mikubwa unaiona kwa macho. Huyo wa miaka miwili bado pitisha vidole kila tonge, taa za mgahawani zinadanganya. Ngisi na pweza muonjeshe wa miaka kumi na moja, hao wadogo watatafuna mpaka watachoka, tena kipande kigumu cha pweza kinaweza kumkaba mtoto.

Kuna kitu kimoja wageni wengi hawakijui. Nguru, jodari na vibua wakikaa juani bila barafu wanatengeneza sumu inaitwa histamini, na ikishatengenezeka haiondoki kwa kuchoma wala kukaanga. Mtu anakula, ndani ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinauma, wengine wanatapika, familia inasema mtoto ana aleji ya samaki kumbe samaki alichelewa kuwekwa barafu. Kwahiyo swali la "samaki huyu kalala wapi?" ni la lazima, na usione haya kuomba uonyeshwe kabla hajapikwa. Tazama jicho liwe limejaa na linang'aa, funua shavu uone nyekundu isiyo ya kahawia, bonyeza mgongoni kwa kidole: nyama ikirudi haraka poa, kidole kikiacha shimo mrudishie mwenyewe. Mpishi anayejiamini anakuletea sahani mezani bila kununa. Akinuna agizeni mayai.

Na aleji za kweli zipo. Huku ni nchi ya korosho, mkija Desemba msimu unakuwa bado unaendelea, utazikuta kila kona na zinaingia mpaka kwenye mboga. Kisamvu kinaweza kuwa na karanga, mchicha vilevile, mchuzi mzito unaweza kuwa umesagiwa korosho, na hayo huwezi kuyaona kwa macho. Kama kuna mtoto anayevimba midomo au kubanwa na kifua akila karanga, neno "aleji" peke yake halitoshi, weita wengi wanaelewa kwamba mtoto hapendi tu. Sema hivi: akila karanga au korosho hata kidogo anashindwa kupumua, nataka sufuria safi na mwiko safi. Wote wataelewa. Korosho nzima huyo mdogo asipewe hata kama hana aleji, inapalia. Na wakipita mashambani wasichezee korosho mbichi, lile ganda lina mafuta yanababua ngozi. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, ni matamu kweli wacha wale, ila vaa nguo usizozipenda, doa lake halitoki kwa sabuni yoyote nayoijua mimi. Uraka unatoka kwenye mabibo hayohayo lakini ni pombe, mtu akikumiminia kikombe kwa ukarimu kiishie kwa baba mtu.

Kuhusu kuikagua sehemu yenyewe, nenda mchana mkiwa hamna njaa, dakika tano zinatosha. Anza chooni. Choo cha wateja kikiwa hakina maji wala sabuni, jua na wapishi wanatumia hichohicho, au kibaya zaidi. Halafu angalia sehemu ya kunawa mikono, kuna sabuni au kuna kichupa kilichoongezewa maji mpaka kimekuwa cheupe? Chungulia jikoni kama kuna upenyo, tafuta kitu kimoja tu: kisu na ubao wa kukatia kuku mbichi ndo huohuo wa kukatia kachumbari? Mimi hilo ndo naloliogopa kuliko nzi. Kama hujaona vizuri, huyo mdogo asile kachumbari, ale vitu vilivyotoka motoni moshi unafuka. Juisi uliza maji gani yametumika na barafu imetoka wapi, wakibabaika chukueni madafu, yanapasuliwa mbele yenu na mchezo umeisha. Wali ukija vuguvugu rudisha, wali uliolala unaharibu tumbo hata ukipashwa.

Baada ya hapo angalia viti. Viti maalumu vya watoto huku ni nadra kuvikuta, na hivi vya plastiki ni vyepesi, mtoto akisimama juu yake kinaondoka naye. Tafuta meza yenye benchi zito la mbao lililoegemea ukuta, mdogo akae katikati ya watu wawili. Uliza spika iko wapi na inaanza saa ngapi kupiga, kuna sehemu mchana pametulia familia zimejaa, saa mbili usiku inageuka baa na kuongea haiwezekani. Mnaweza kufaidi sehemu kama hiyo vizuri tu, mnaenda saa kumi na moja jioni mnaondoka kabla muziki haujapanda. Na hiyo meza ya kwenye mchanga, ukingoni kabisa mwa maji, kwenye picha ni nzuri lakini na mtoto wa miaka miwili hautakula, utakuwa unamkimbiza. Kaeni nyuma kidogo, chini ya banda, Desemba mvua za huku zinakuwa zimeanza na zinashuka bila hodi. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, giza likiingia mbu nao wanafika, Mtwara malaria ipo, kwahiyo suruali ndefu, soksi na dawa ya kupaka kabla ya kukaa mezani. Nyie watu wa Dodoma msizarau hili.

Ijumaa mchana pia msiende saa saba mkategemea huduma ya haraka, wahudumu na wapishi wengi wako msikitini. Kama unataka pilau la Ijumaa, na ukifika huku utalitaka, agiza kabla.

Sasa hiyo kazi ya kusubiri unaweza ukaigeuza ikawa matembezi. Mikindani iko kilomita kama kumi na moja tu kutoka Mtwara mjini, bajaji au gari inawafikisha bila taabu. Mnafika, mnaagiza chakula kwanza kabla ya kitu chochote, mnakubaliana saa, halafu mnawatembeza watoto. Kuna boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo lilikarabatiwa na kufanywa hoteli, kuna nyumba za mawe za zamani zenye milango ya kuchonga, na huyo mkubwa mwambie Livingstone aliondokea hapo mwaka 1866 kwenye safari yake ya mwisho ya bara na hakurudi hai. Mkirudi mezani wamechoka kiasi, wana njaa ya kweli, chakula kinapakuliwa. Huyo wa miaka sita anayekataa kila kitu nyumbani utashangaa anavyobugia wali. Hoteli yoyote yenye bwawa nayo uliza kama wasiolala hapo wanaogelea kwa kulipia au kwa kununua chakula, kila moja ina utaratibu wake, na bwawa ndo kitu cha karibu zaidi na Kunduchi mtakachopata huku.

Msimbati mkitaka kwenda, ambako watu wengi wanakwenda kwa ule mchanga wake, msiende mikono mitupu. Iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kuna kiingilio, na kwa familia yenye mtoto mdogo mimi sitegemei chakula cha kule. Omba hoteli wawafungashie au nunueni chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo na maji ya kutosha, chakula cha moto kiwe kwenye hotipoti na kiliwe siku haijaenda sana. Samaki wa asubuhi mkamla saa tisa kwenye joto la Desemba, hapana.

Mama mkwe sasa. Watu wanadhani shida ya mwenye sukari mgahawani ni sukari kwenye chai. Kwake kuchelewa kwa chakula kunaweza kuwa hatari zaidi kuliko huo wali wenyewe, hasa kama anachoma insulini au anameza vile vidonge vinavyoshusha sukari haraka. Anachoma nyumbani akijua anakula sasa hivi, mnafika mgahawani mnaambiwa "dakika tano tu mama", dakika tano zinakuwa hamsini, sukari inashuka, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, watu wanadhani ni joto. Dawa ya kabla ya kula aje nayo kwenye mkoba na aitumie chakula kikishaonekana, hilo aliulize na kwa daktari wake kabla hamjasafiri, na mkobani kuwe na kitu kitamu cha dharura, soda ya kawaida au glukosi. Chakula chake sio kigumu: samaki wa kuchoma, mboga ya majani ya kutosha, wali nazi kidogo au ugali kidogo, na asidanganywe kwamba ugali wa muhogo ni dawa ya sukari, wanga ni wanga. Dafu nalo lina sukari yake, dogo moja halina neno lakini asiligeuze maji ya kunywa siku nzima.

Kuhusu hela, bei sikutajii maana za leo sio za Desemba, na migahawa nayo siitaji kwa majina kwa sababu huku mpishi mzuri akihama anahama na ladha yake, jina la nje linabaki lilelile. Ila sehemu hela inakovujia naijua. Samaki mzima huku mara nyingi anauzwa kwa ukubwa, ukisema tu "niletee samaki" unaletewa mkubwa kuliko wote na bili yake, kwahiyo muone, muulize bei, ndo akatwe. Sehemu za kitalii uliza kama bei ya kwenye menyu imeshajumlishwa VAT, asilimia 18 juu ya chakula cha watu sita inauma. Sahani za huku zinajaa, watoto wako wawili wadogo wanatoshana na sahani moja ya mtu mzima na sahani tupu ya pembeni, hata kama menyu haina sehemu ya watoto we omba. Maji makubwa ya dukani ni nafuu kuliko chupa sita ndogo za mezani, japo kuna sehemu hawataki uingie nayo, uliza kwanza. Lipa namba ziko karibu kila mahali ila mtandao unasumbua mvua ikipiga, beba na keshi.

Chai ya asubuhi kama ipo kwenye bei ya chumba kuleni hotelini, msihangaike. Mchana mama ntilie mzuri anawatosha kabisa na mara nyingi ni salama kuliko mgahawa mkubwa uliododa, maana chakula chake cha leo kinaisha leo. Mtafute yule mwenye foleni ya wafanyakazi wa maofisini saa saba kasoro, sufuria bado ziko jikoni zinachemka, na fikeni kabla ya hao. Mkikuta ming'oko inauzwa barabarani, vile vimizizi vyembamba vya kuchemsha, waonjesheni watoto, Dodoma hamtaiona.

Na kuna njia nyingine wageni hawaitumii, kwa watu sita naona ndo nafuu kuliko zote. Asubuhi boti zikiingia nendeni wenyewe Feri, pale pantoni inapovukia kwenda Msangamkuu, na watoto muwachukue maana kwao huo ni mchezo tosha, wataona papa wadogo, kaa, ngisi wanabadilika rangi. Nunueni samaki mnaemtaka kwa kukagua kama nilivyosema, mlipe kijana wa pale amparue na kumtoa matumbo, mumtie kwenye ndoo yenye barafu moja kwa moja mpaka jikoni kwa hoteli yenu au mgahawa mliokubaliana nao. Wengi wanakubali kukupikia kwa kulipia kazi, mkaa na viungo. Ila hilo ongea nao jana yake, na hela ya kupika mkubaliane kwa samaki wote au kwa kilo kabla ndoo haijashuka kwenye bajaji, ikishaingia jikoni bei wanapanga wao.